Anayemtafunia Kibogoyo

Mtoto hakuwa na jino hata moja, ndiyo maana hakuna aliyeweza kueleza kile alichokutwa nacho mdomoni asubuhi ile. Mama yake alikuwa amemwinua kumbadilisha nepi, akaona shavu moja limetuna. Akaingiza kidole. Akatoa donge dogo la chakula kilichotafunwa, laini, lenye uvuguvugu bado, na ndani yake chembe za mchanga zilizomkwaruza ncha ya kidole. Lilinuka moshi, na udongo uliotoka kunyeshewa.

Alilitazama kwa muda. Kisha akatazama mlango wa chumba cha mama mkwe wake, akatabasamu peke yake, akalifunga donge lile kwenye karatasi na kulitupa.

Tangu walipoanza kumpa chakula, mtoto alikuwa amekigomea kijiko. Ukimletea uji anafumba mdomo na kugeuza shingo kama mzee aliyeletewa dawa chungu. Baba yake, mwokaji mikate na mtu wa mizaha, alimbandika jina la Kibogoyo, akasema pengine bwana huyu anasubiri kwanza apate meno ya bandia. Lakini mizani ya kliniki haikuwa na mizaha. Muuguzi alimshika mama mkono akamwambia kwa upole kwamba maziwa peke yake hayatoshi tena, mtoto anapungua. Mama alirudi nyumbani akifuta macho njia nzima.

Mama mkwe alikuwa na dawa yake. Zamani, alisema, mtoto akigoma kijiko alitafuniwa. Wa kwake wote walilelewa hivyo na wote wako hai, mmoja wao si huyu hapa anaoka mikate? Mkaza mwanawe alimjibu kwa heshima kwamba siku hizi haishauriwi, mate hubeba vijidudu. Mama mkwe hakubisha. Alisema tu, sawa mwanangu, mtoto ni wako.

Kwa hiyo mama alipoliona lile donge alidhani anajua limetoka wapi. Bibi alikuwa ameshindwa kuvumilia. Na angemkasirikia vipi mtu aliyefunga nyumba yake akaja kulala katika chumba kidogo, kati ya meza ya pasi na masanduku, ili mkaza mwanawe aweze kurudi kazini? Mtu anayeogopa mifupa kuliko nyoka, lakini kila jioni analifua koti la kazini la mkaza mwanawe, lenye vumbi la mifupa, kwenye beseni lake peke yake, bila kuambiwa? Akamwacha. Na wiki ile ile mtoto akaanza kunenepa.

Kazini walimwita Mama Meno. Alifanya kazi katika jumba la makumbusho, kwenye chumba cha chini chenye meza ndefu na taa nyeupe, na kazi yake ilikuwa kuwauliza watu waliokufa zamani sana walikuwa na umri gani. Hawakuwa na vyeti. Walikuwa na meno. Gego likitoka kwenye ufizi huwa na vilima vyenye ncha, na kila tonge linalotafunwa huvisaga vilima vile kidogo kidogo, mpaka gamba jeupe linatoboka na madoa ya kahawia yanachungulia kutoka ndani. Madoa yanakua, yanaungana, na mwisho jino linabaki bapa kama kokoto la mtoni. Mama Meno aliliweka jino chini ya lenzi, akalilinganisha na picha zilizopangwa kwenye chati, kuanzia jino jipya mpaka jino lililokwisha, na kila picha ilikuwa na miaka yake.

Aliyekuwa mezani siku zile alitoka katika makaburi ya kale, yaliyofukuliwa mafundi walipokuwa wakichimba msingi wa jengo. Magego yake yalikuwa yamelika vibaya, hasa ya upande wa kushoto. Mama Meno hakusita: mwanamke, amepita hamsini. Katika kaburi hilo hilo palikuwa na kichanga, lakini mwanamke wa umri huo hanyonyeshi, kwa hiyo kichanga kikaandikwa kuwa ni cha mtu mwingine aliyezikwa pale baadaye, kikapelekwa ghorofani kwenye kabati la watoto.

Siku hiyo ya kumpima, kabla donge la kwanza halijaonekana nyumbani, kifua chake kilikuwa kimejaa na saa ya kunyonyesha imempita. Hakungoja brashi. Alipuliza vumbi la taya kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo kila mwanafunzi hukatazwa siku ya kwanza, na vumbi likamrudia midomoni. Alipolilamba lilikuwa na ladha ya moshi. Papo hapo maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha blauzi, kama yanavyotoka mtoto akilia karibu. Aligeuka kutazama. Hapakuwa na mtu, ila mtunza makasha aliyekuwa akishuka ngazi.

Huyo walimwita Bwana Stoo. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzito, na alikuwa na tabia ya kuwaamkia wafu kila asubuhi, kwa sababu, alisema, huwezi kukaa nyumba moja na watu usiwasalimie. Aliposikia umri wa mgeni wao mpya, aligonga kasha kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa. “Shikamoo, Bibi.” Jina likaganda. Kuanzia hapo kasha lile likawa kasha la Bibi.

Na kuanzia hapo nyumbani kukawa na sauti.

Ilikuja alfajiri, baada ya baba wa nyumba kwenda kwenye tanuri zake. Mama aliisikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa usingizini. Mtu alikuwa anatafuna. Hakuwa na haraka. Meno yalikutana, mchanga ukasagika kati yake, yakaachana, yakakutana tena. Kisha kimya kifupi. Kisha mtu mwingine, mdogo, anameza. Asubuhi mama aliamka taya la kushoto likimuuma, akafikiri ni baridi, akafunga kitambaa akaenda kazini.

Siku moja ya mapumziko walikuwa jikoni, yeye na mama mkwe, wanaosha vyombo. Mama mkwe alikohoa kidogo, kama mtu mwenye neno.

“Mwanangu, nilitaka kukushukuru.”

“Kwa lipi tena, mama?”

“Kwa kunisikiliza. Najua hukupenda. Lakini yatazame mashavu ya mtoto.”

Mkaza mwana akacheka. Akasema basi na amfiche mtu mwingine, si yeye. Amelijua jambo lile tangu siku ya kwanza na hana kinyongo, isipokuwa mama achekeche huo mchanga.

Mama mkwe aliliweka sufuria chini polepole sana. “Nimtafunie kwa meno gani, mwanangu?” alisema kwa sauti ya chini. Akafunua mdomo wake.

Mama Meno, ambaye kutwa nzima hutazama vinywa vya watu wa kale, hakuwahi hata siku moja kutazama ndani ya kinywa cha mama mkwe wake. Mbele yalikuwapo meno, mazuri, ya kuchekea wageni. Nyuma hapakuwa na kitu. Fizi zilikuwa laini na nyekundu kama za Kibogoyo.

“Mimi nakula mkate wa kuchovya,” alisema mama mkwe. “Nilipokuwa nasikia ile sauti alfajiri nilifikiri ni wewe, nikaona nisikuaibishe.”

Walitazamana. Chumbani mtoto alicheka, kicheko cha mtoto aliyeshiba.

Walimhamishia mtoto kitandani kati ya baba na mama. Wakafunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo ukalala chini ya mto. Alfajiri sauti ikaja vilevile, na safari hii haikutoka kwenye kona wala dirishani bali karibu, karibu kiasi kwamba mama, akiwa hajui kama ameamka au anaota, alihisi kila tafuno likimtikisa mifupa ya masikio. Kulipokucha mtoto alikuwa na chembe za mchanga kidevuni. Alikuwa mzito, anang'aa, na hakulitaka tena titi. Alipoletewa kifua aligeuza uso na kutazama juu ya bega la mama yake, akaachama mdomo kama kinda, akingoja.

Mama alivumilia mengi, hilo lilimvunja. Mtoto kumkataa mama yake mbele ya macho yake!

Mume ndiye aliyeona. Siku hiyo, mkewe akiwa na mapumziko, umeme wa tanuri ulikatika, akarudi mchana, jua likiwa kali barabarani na nyumba kimya, mama yake akiwa ameenda sokoni. Alipovua viatu mlangoni aliisikia ile sauti ambayo alikuwa hajawahi kuisikia, kwa kuwa huwa ameshaondoka. Akaifuata kwenye ujia kwa ncha za vidole, huku harufu ya moshi wa kuni ikizidi kuwa nzito katika nyumba isiyopikia kuni, akausukuma mlango wa chumbani, na pale sakafuni, mwanga wa mchana ukimwangukia mgongoni, alimwona mke wake amekaa amenyoosha miguu mbele, ukaaji ambao hakuwahi kumwona nao tangu amwoe, pembeni yake kipande cha tofali na jiwe la uani na mkate mkavu uliosagwa kati ya hivyo viwili mpaka ukawa unga wa kijivu wenye changarawe, na mke wake akichota unga ule, akiutia kinywani, akiutafuna kwa shavu la kushoto tu, taratibu, kwa subira isiyo na mwisho, kiganja akiwa amekiweka shavuni kama mtu anayetuliza maumivu ya zamani, kisha akitoa donge kwa vidole viwili na kuliweka kwenye mdomo wa mtoto, ambaye alikuwa amelala mapajani pake, macho wazi, ameridhika.

Alimwita mkewe kwa jina lake la nyumbani. Mwanamke akageuka. Alimtazama kama unavyomtazama mgeni aliyeingia nyumbani kwako bila kubisha hodi, bila hofu, kwa mshangao kidogo. Akainua kidole kwenye midomo yake iliyojaa vumbi, kumwonyesha anyamaze, mtoto anakula.

Mume alikaa pale mlangoni. Sauti ilipokoma mke wake akapepesa macho, akamuuliza mbona leo amerudi mapema, na mbona analia.

Waliitiwa fundi saa. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa nyuma ya posta, lakini watu walijua kwamba akifunga kibanda huenda kwenye nyumba zenye shida, na majini mengi ya mji ule yalikuwa yanamfahamu. Alikuja na makaa, na ubani kwenye kikopo cha skrubu. Alimkalisha mama katikati ya chumba, akamfunika shuka jeupe, akasoma aliyoyasoma. Moshi ulijaa mpaka taa ikawa kama mwezi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa, wewe ni nani na unataka nini kwa mama huyu.

Chini ya shuka kukasikika kutafuna.

Akauliza tena. Kutafuna kukaendelea, bila kuongeza mwendo wala kupunguza. Fundi saa akafunua shuka. Mdomo wa mama ulikuwa umefumbwa, haujongei, machozi yanamtiririka, na sauti inatoka.

Alizima makaa mwenyewe. Aliketi, akakifunika kikopo cha ubani kwa ile mikono iliyozoea kushika vijigurudumu visivyoonekana.

“Dada yangu, nimeshindwa,” alisema. “Jini ukimuuliza anataka nini atakutajia. Atataka nguo, atataka manukato, atataka asifiwe. Huyu hanisikii. Mtu anayelisha mtoto hajibu maswali ya watu.”

“Atamdhuru?” aliuliza mama mkwe.

Fundi saa alifikiri. Alisema haoni ubaya katika mkono wake. Kinachomtisha ni kwamba mtoto ameshamzoea, na mtoto humfuata anayemshibisha. Kabla ya kuondoka aliiona saa ya ukutani imesimama, akaifungua, akaipuliza, akairudisha ikitembea. Hakutaka chochote.

Jioni ile mume alizungumza na mkewe akiwa ameshika mikono yake yote miwili, na ndiyo maana aliweza kumsikiliza mpaka mwisho. Alisema mtoto atakwenda na bibi yake kwa shangazi, upande wa pili wa mji. Si kwamba wanamchukia. Ni mpaka jambo hili liishe. Mama mkwe alipofunga virago alilia kuliko wote, akafunga pia kanga moja ya mkaza mwanawe, ili mtoto alale na harufu ya mama yake.

Nyumba ikabaki na sauti bila mtoto. Nayo haikuwa tena ya subira. Ilitafuna mchana na alfajiri, ikakoma, ikasikiliza, ikatafuna tena, kama mtu aliyetayarisha chakula na anazunguka vyumbani hamwoni wa kumlisha. Simu zilizotoka kwa shangazi zilikuwa fupi. Kijiko hakitaki. Chupa haitaki. Analala tu, ameachama mdomo. Kesho asubuhi, mama mkwe alisema kwa sauti iliyochoka, wangempeleka hospitali.

Mama aliingia bafuni kabla hakujapambazuka vizuri. Taya lilikuwa linawaka. Alichukua kile kijioo kidogo cha mpini anachotumia kazini, akawasha tochi ya simu, akaachama mbele ya kioo kikubwa ili aone jino gani limetoboka.

Vilima havikuwapo. Upande wa kushoto magego yake yalikuwa bapa, yanang'aa, na katikati ya kila moja doa la kahawia limetanda kama chai iliyomwagika kwenye sahani. Alijitazama kwa muda mrefu, si kama mama wa nyumba ile bali kama mtu wa meza ndefu na taa nyeupe. Akajisoma kama anavyowasoma wafu. Chati aliijua kwa kichwa. Alitafuta picha inayofanana, akaipata, akasoma miaka iliyo chini yake.

Amepita hamsini.

Na yeye hata thelathini alikuwa bado hajafika.

Alishika sinki. Chati haikukosea kuhusu meno. Ilikosea kuhusu miaka. Ilitengenezwa kwa watu wa mahali pengine, waliokula vyakula laini, na yeye aliichukua akaipima kwa mtu aliyesaga nafaka kwenye jiwe, akala jiwe pamoja na nafaka. Mtu aliyetafuna mafungu mawili, la kwake na la mwingine. Ni nani anayetafuna mpaka magego ya upande mmoja yaishe, ilhali tumbo lake ni moja?

“Umenionyesha kwa mdomo wangu,” alinong'ona. Kwenye kioo pumzi yake iliacha ukungu, na pembeni ya ukungu ule pakatokea mwingine, mdogo zaidi, chini kidogo.

Bwana Stoo alimkuta ameketi kwenye ngazi za jumba la makumbusho, kandambili miguuni. Alifungua mlango, akampa koti lake mwenyewe, akawasha taa za chini.

Mama Meno alifungua kasha la Bibi. Alianza na gego la mwisho, lile linalotoka mtu akishakua. Vilima vyake vyote vilikuwapo, vikali. Siku ile aliliona, akajiambia kuwa mwenzake wa juu aling'oka zamani, ndiyo maana hili halikusagwa. Tundu la juu lilikuwa limejaa udongo na yeye alikuwa na haraka. Sasa alichukua brashi, akatoa udongo punje kwa punje. Tundu halikuwa tupu. Ndani yake jino lilikuwa linachungulia, jipya, jeupe, halijamaliza kutoka. Kisha akaomba mtulinga, ule mfupa unaotoka begani kuja kooni. Ncha yake ya kooni, ambayo kwa mtu mzima huwa imefunga na kulainika, ilikuwa bado mbichi, ina mikunjo kama matope yaliyokauka juani.

“Ni msichana,” alisema. “Hajafika hata miaka yangu.”

Bwana Stoo alivua kofia. Akasema polepole, kwa ile sauti yake nzito, kwamba basi miezi yote hii amekuwa akimpa shikamoo mtoto aliye sawa na binti yake, na binti wa watu alikuwa anaipokea kwa adabu, hakumsahihisha.

Mama Meno akacheka, na kicheko kikageuka kilio. “Yule kichanga,” alisema. “Yule wa mkononi mwake.”

“Nilimpandisha mimi mwenyewe,” Bwana Stoo alijibu. “Nilimwongezea pamba. Niliona kule juu kuna baridi.”

Walipanda pamoja. Kabati la watoto lilikuwa mwisho wa ujia, na tangu walipokanyaga ngazi ya kwanza ile sauti iliwafuata, haitoki tena kinywani mwa mama bali kwenye kuta, kwenye vyuma vya ngazi, kwenye mabomba, meno yakikutana na kuachana kwa kasi ya mtu aliyekata tamaa, na Bwana Stoo, ambaye kwa miaka yake yote katika kazi ile hakuwahi kumwogopa mfu, alimshika Mama Meno kiwiko na wakaenda hivyo hivyo, wakalifungua kabati, wakalitoa kasha dogo lililo jepesi kama kasha la viatu vya mtoto, wakashuka nalo huku harufu ya moshi na udongo wa mvua ikiwajaa puani, na taa zikipungua mwanga mbele yao na kurudi nyuma yao, mpaka mezani. Na Mama Meno akaipanga ile mifupa midogo, mbavu kama mifupa ya ndege, kwenye mkono wa kushoto wa mama yake, kama alivyokutwa.

Sauti ikakatika katikati ya tafuno. Ilikuwa kama mtu aliyesikia akiitwa.

Maziwa yakamtoka Mama Meno, yakalowesha koti la Bwana Stoo. Naye akageuka upande, akajifanya anatafuta kalamu.

Simu ililia kabla hawajafunika kasha. Mama mkwe alikuwa analia na kucheka. Alisema mtoto ameamka, anainusa ile kanga, anamtafuta mama yake, njoo upesi mwanangu, njoo umnyonyeshe.

Mkubwa wa jumba aliambiwa siku hiyo hiyo. Alisikiliza, akaomba mtulinga auone kwa macho yake, kisha akasema wote waliopimwa kwa chati ile wapimwe upya, na lebo ya kasha ibadilishwe. Sasa imeandikwa mama na mtoto. Fundi saa alipopata habari alituma salamu, akasema amefurahi sana kushindwa na mtu wa namna ile.

Kibogoyo alirudi nyumbani. Alinyonya, akakubali kijiko, akala uji hata wa jana. Mama hakusikia tena sauti alfajiri. Magego yake hayakurudi, na hatayapata mengine. Anatafunia upande wa kulia, na mumewe humkatia maganda magumu ya mkate bila kuombwa.

Mvua zilipoanza, mama mkwe aliita kutoka sebuleni kwamba jino limetoka. Mume alikuja na unga mikononi, akamnyanyua mtoto juu, akatangaza kwamba kuanzia leo jina la Kibogoyo limekwisha na bwana huyu atatafutiwa lingine. Wakacheka wote. Mama naye alicheka, akaingiza kidole apapase.

Jino la mbele la mtoto, likitoka, huwa na vijilima vitatu kwenye makali yake, kama msumeno mdogo sana. Vidole vyake vilijua hivyo kuliko vilivyojua jambo lolote. Alipapasa. Akapapasa tena. Hapakuwa na msumeno. Jino lilikuwa bapa, laini kama kokoto la mtoni, na alipolielekeza kwenye mwanga wa dirisha aliona katikati yake mstari mwembamba wa kahawia.

“Limetoka vizuri?” aliuliza mama mkwe.

“Limetoka vizuri, mama,” alijibu.

Wengine walirudi kwenye shughuli zao. Alimkalisha mtoto kwenye mkeka, akampa kipande cha mkate, akaketi karibu kumtazama. Mtoto aliutia mkate mdomoni. Aliutafuna, taratibu, kwa shavu la kushoto. Kisha akatoa donge kwa vidole viwili vinene, akalinyoosha pembeni yake, pale mkekani ambapo hapakuwa na mtu, chini kidogo, usawa wa mdomo wa mtoto aliyelala. Aliporudisha mkono, ulikuwa mtupu. Mkekani hakukuwa na kitu kilichoanguka.

Akacheka, akauma tena.

Mama alikaa. Hakupiga kelele; mtoto anayegawa chakula hakaripiwi. Alichukua kitambaa, akamfuta mwanawe mdomo. Kisha, baada ya kusita, akakipeleka na pale pembeni, akafuta hewa polepole, kama anavyofutwa mtoto asiyejua bado kujifuta.

Kitambaa kikarudi kimelowa.